Edema: uvimbe au kujaa maji?

Edema ni hali ya majimaji kutoka kwenye mishipa midogo ya damu na kutuama kati ya seli kwa wingi kuliko mwili unavyoweza kuyarudisha. Mwaka 1896 mwanafiziolojia Mwingereza Ernest Starling alieleza msingi wake: msukumo wa damu huyatoa maji nje ya mishipa, protini za damu huyavuta yarudi. Yanayobaki huzolewa na mishipa ya limfu. Moyo au figo zikidhoofika, protini ikishuka, au limfu ikiziba kama inavyotokea kwa mwenye matende, mlingano huo huvurugika. Kwa Kiswahili hali hii mara nyingi huandikwa "uvimbe". Naona jina hilo linapotosha, na kwamba "kujaa maji", kama wasemavyo wajawazito kuwa miguu imejaa, ndiyo tafsiri sahihi zaidi.

Uvimbe ni kitu chenye mipaka. Mwanamke akiambiwa ana uvimbe kwenye kizazi, anajua unaonekana kwa ultrasaundi, unapimwa kwa sentimita na pengine utaondolewa kwa upasuaji. Edema haina ukingo: asubuhi imepungua, jioni viatu vinabana. Hata tukisema "uvimbe wa maji" hatujaponya kitu, kwani maneno hayo tayari yanatumika kwa vifuko vya maji vya kwenye ovari.

Jina lisilo wazi huwaumiza zaidi wanawake wenye uzito mkubwa. Mwembamba akijaa maji, vifundo vya miguu hupotea na kila mtu anaona. Mnene huambiwa apunguze kula, ilhali unene huongeza shinikizo kwenye vena za miguu na kuielemea limfu, hivyo ana sababu zaidi ya kujaa. Wembamba nao si kinga, maana utapiamlo mkali hujaza maji miguu ya mtu aliyekonda. Kinachotenganisha maji na mafuta si jicho bali kidole gumba: bonyeza juu ya mfupa wa muundi kwa sekunde kadhaa, ukiachia pakabaki kishimo, hapo kwa kawaida pana maji. Mizani nayo husaidia. Lita 1 ya maji ina kilo 1, kwa hiyo mgonjwa wa moyo akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, asidhani amenenepa. Mafuta hayaji kwa kasi hiyo. Upo pia ugonjwa wa lipedema, ulioelezwa na Allen na Hines mwaka 1940, ambao huwapata karibu wanawake peke yao: mafuta hujaa miguu yote miwili kwa usawa, nyayo zikabaki kama zilivyo. Mwenye lipedema naye akiitwa "amevimba" tu, atapewa dawa za kukojoza maji asiyokuwa nayo.

Watakaopinga watasema neno "maji" litawafanya watu waache kunywa maji. Hofu hiyo ina msingi, lakini jina linaonyesha kilichojaa, halisemi kilikotoka. Ni kazi ya mhudumu kueleza kwamba chumvi huyashikilia maji mwilini, na kwamba kupunguza maji ya kunywa ni uamuzi wa daktari. Wengine watasema "edema" inatosha. Inatosha kwenye faili, ila mgonjwa haimsaidii kujieleza. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kujaa miguu ni kawaida ya ujauzito, kwa kuwa mwili huongeza lita 6 hadi 8 za maji, na istilahi rasmi itawatisha bure. Naona kinyume chake. Kitenzi huruhusu maswali ambayo nomino huyafunga: umejaa wapi, tangu lini, unapungua ukilala? Miguu yote miwili inayojaa jioni pekee haitishi sana. Uso na mikono vikijaa ghafla, kichwa kikauma, macho yakaona ukungu, au presha ikafika 140/90, hiyo ni dalili ya hatari ya kifafa cha mimba. Mguu mmoja ukijaa na kuuma, huenda damu imeganda. Mjamzito mwenye hali yoyote kati ya hizo mbili za mwisho aende hospitali siku hiyohiyo, awe mnene au mwembamba.