Kurejea kwa Orchestra Virunga na Nafasi ya Kiswahili katika Historia ya Rumba

Utangulizi

Aghalabu historia ya muziki wa Kongo husimuliwa kwa kutazama upande mmoja tu. Huanzia Kinshasa na Brazzaville, kisha ikaonyesha jinsi santuri zilivyokipeleka Kilingala mpaka Kampala, Dar es Salaam na Nairobi. Katika masimulizi hayo Kiswahili huonekana kuwa lugha ya wasikilizaji, wala si lugha ya watungaji. Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba mvuto ulikuwepo kwa upande wa pili pia. Mfano wetu ni Orchestra Virunga ya Samba Mapangala, na hasa kurejea kwake kwa albamu ya mwaka 2006, Song and Dance.

Jina na asili yake

Mkazi wa Goma hahitaji kuelezwa Virunga ni nini. Ni safu ya volkano zilizo mpakani mwa Kongo, Rwanda na Uganda. Mmojawapo wa milima hiyo, Nyiragongo, ulilipuka mwaka 1977, 2002 na 2021, na mwaka 2002 lava yake ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Neno lenyewe lina uhusiano na ibirunga ya Kinyarwanda, yaani volkano. Na mwanafunzi wa isimu atatambua mara moja ule ulinganifu wa bi- na vi- katika ngeli za lugha za Kibantu.

Hata hivyo, mtu aliyeipa bendi jina hilo hakuwa mtu wa Kivu. Samba Mapangala alizaliwa Matadi, bandari iliyo upande wa Atlantiki, katika eneo la Kikongo, na akaingia katika muziki Kinshasa, mji wa Kilingala. Mwaka 1975 alikwenda Uganda pamoja na kundi la Les Kinois, na mwaka 1977 wakahamia Nairobi. Jina Les Kinois lina maana ya watu wa Kinshasa. Lilikuwa jina la wageni wanaotaja walikotoka. Mwaka 1981 Samba alipounda bendi yake alichagua jina la mashariki. Kwa maoni yetu, badiliko hilo si dogo. Bendi iliacha kujitambulisha kwa mji mkuu wa mbali, ikajitambulisha kwa milima iliyo kwenye mlango baina ya Kongo na Afrika Mashariki.

Muziki wa Nairobi

Virunga ilipiga muziki wa gitaa za umeme zinazojibizana, pamoja na saksofoni. Wimbo huanza kwa mwendo wa taratibu ili maneno yasikike, halafu huingia sebene, sehemu ambayo wanamuziki wa Tanzania waliizoea kwa jina la chemko. Katika sehemu ile ya kwanza Samba aliimba kwa Kilingala na kwa Kiswahili pia. Wimbo wake Vunja Mifupa umejengwa juu ya msemo wa mitaani unaomhimiza mtu ale raha angali na nguvu. Hicho si Kiswahili cha vitabuni. Ni kile alichokikuta mjini.

Katika miaka ya kati ya 1980 wanamuziki wengi wa Kongo waliokuwa Nairobi walipata taabu ya vibali vya kazi. Kikosi cha kwanza kilitawanyika, na Samba akaijenga upya bendi mwishoni mwa muongo huo. Mwaka 1991 ikatoka albamu Feet on Fire. Baadaye katika miaka ya 1990 Samba alihamia Marekani.

Kurejea

Kati ya Feet on Fire na Song and Dance imepita miaka 15. Hatusemi kwamba mwimbaji alinyamaza muda wote huo. Bendi ndiyo iliyokosa makao. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: mwaka 2006 kilirejea kitu gani? Wapigaji wa awali walikuwa wametawanyika, na Nairobi ya 1981 ilikuwa imekwisha kupita. Kilichorejea ni sauti, jina la milima, na lugha.

Huenda msomaji akapinga kwamba Kiswahili kilikuwa biashara tu, kwa kuwa mwimbaji hufuata soko. Pingamizi hilo lina uzito kwa habari ya mwaka 1981, ingawa hata wakati huo Kilingala kilipendwa sana Nairobi. Lakini Marekani soko la Kiswahili halikuwa mlangoni. Ni kweli kwamba albamu ya 2006 ilipewa jina la Kiingereza. Hata hivyo iliyofuata mwaka 2011, bado kwa jina la Orchestra Virunga, iliitwa Maisha ni Matamu. Na hata wimbo wa kumsifu Barack Obama, mada ya Kimarekani, uliitwa Obama Ubarikiwe. Mtu wa Matadi aishiye Marekani angeweza kukiacha Kiswahili bila hasara kubwa. Hakukiacha.

Hitimisho

Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya turathi za binadamu, kwa maombi ya nchi zote mbili za Kongo. Heshima hiyo inastahili. Lakini ikiwa wanafunzi wa Kiswahili hawataandika sura ya mashariki, itasomwa kama tanbihi ya sura ya Kinshasa. Kazi hiyo haifai kungoja. Goma imepitiwa na lava, ikatekwa na M23 mwaka 2012 na tena Januari 2025; nyumba zinapoungua au kuachwa, santuri na kanda hupotea pamoja nazo. Maneno ya nyimbo yakusanywe, na wazee waliozicheza waulizwe, wangali wanazikumbuka.