Haud: Malisho ya Wasomali na Mpaka wa Mwaka 1897

Fungua ramani ya Somalia, msomaji wangu, uanzie kaskazini, kwenye Ghuba ya Aden. Ukanda ule wa pwani wenyeji huuita Guban, yaani nchi iliyoungua, na wakati wa joto kali hakuna mchungaji anayetamani kubaki humo. Nyuma yake yapo milima ya Golis, yenye visima na hewa ya ubaridi. Mashariki zaidi, kilele cha Shimbiris kinapita mita 2,400. Ukivuka milima na kuelekea kusini, nchi huteremka polepole hadi ufike kwenye uwanda mpana wa udongo mwekundu uitwao Haud.

Hapa ndipo ningependa ukae kidogo. Haud haina mto wala chemchemi ya kudumu. Lakini mvua za gu zinyeshapo, kuanzia Aprili hivi, majani huota, maji hutuama mabondeni, na ngamia hunenepa. Kiangazi cha jilal kikishika, baada ya Desemba, maji hayo hukauka na wafugaji hurudi kwenye visima vya kaskazini. Mwendo huo haukuwa uzururaji, kama walivyodhani wageni wengi; ulikuwa kalenda. Asiyefika Haud wakati wa gu alikosa maziwa, na nchi ya visimani haikuwa na majani ya kutosha mifugo yote mwaka mzima.

Uingereza iliitwaa pwani ya kaskazini hasa kwa kutafuta nyama ya kuilisha Aden, ng'ambo ya ghuba. Mwaka 1897 ikamtuma Rennell Rodd kwa Mfalme Menelik wa Ethiopia. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Menelik awashinde Waitaliano huko Adwa, na Waingereza hawakutaka kugombana naye. Mpaka ukakubaliwa, sehemu kubwa ya Haud ikaangukia upande wa Ethiopia. Wasomali hawakuulizwa. Ilikuwapo nyongeza iliyowaruhusu wachungaji kuvuka kufuata malisho. Lakini tafakari, msomaji, tofauti iliyopo kati ya kuruhusiwa kupita na kumiliki.

Kwa miaka mingi mstari huo haukumzuia ngamia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza waliishika Haud yenyewe, kisha kwa mkataba wa mwaka 1954 wakairudisha kwa Ethiopia. Maandamano yakazuka, na wajumbe wa Kisomali wakasafiri hadi London na Umoja wa Mataifa. Hawakufanikiwa. Somalia ilipata uhuru mwaka 1960 ikiwa na dai hilo mkononi, na ikapigana na Ethiopia mwaka 1964, kisha tena, kwa maafa makubwa zaidi, mwaka 1977 na 1978.

Wakati huohuo badiliko jingine lilikuwa likiendelea kimyakimya. Tangu miaka ya 1950 wafugaji walianza kuchimba matangi ya saruji ya kukinga maji ya mvua, yaitwayo berkad. Utasikia mara moja udugu wake na neno letu birika. Matangi hayo yaliwawezesha watu kubaki Haud hata wakati wa jilal. Vijiji vikaota kuyazunguka, majani ya karibu yakaliwa hadi mizizi, na maji, ambayo zamani yalikuwa mvua iliyotuama, yakawa na mwenyewe anayeyauza kwa pipa.