Kutoka Kadi hadi Mkeka: Historia ya Michezo ya Pesa Thika na Ruiru

Michezo ya pesa ilishika mizizi Thika na Ruiru pale mshahara ulipoanza kuendesha maisha ya watu. Kabla ya hapo Wagikuyu wa eneo hili walicheza giuthi, mchezo wa jamii moja na bao, unaochezwa kwa mbegu au vijiwe katika safu mbili za mashimo. Ni mchezo wa hesabu: anayecheza vizuri hujua mbegu yake ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaanza kuzigawa.

Reli kutoka Nairobi ilipita Ruiru na kufika Thika mwaka 1913, na mwaka 1924 Thika ikatangazwa rasmi kuwa mji. Mashamba ya mkonge, kahawa na baadaye mananasi yalivuta vibarua kutoka mbali. Baada ya uhuru vikaongezeka viwanda vya nguo, ngozi, chakula na vyuma. Palipo na siku ya mshahara na watu waliotoka shifti, drafti na karata hazikosekani. Drafti ilichorwa kwenye ubao au kipande cha katoni, na vifuniko vya soda vikawa kete.

Katika karata, mchezo ulioenea sana nchini Kenya ni kadi, ambao wengi huuita poka ingawa hauhusiani na poka ya kimataifa. Kila mchezaji hugawiwa karata chache, kwa kawaida nne, na hutupa moja inayolingana kwa rangi au namba na iliyo juu. Mbili humlazimisha anayefuata kuokota karata mbili, na tatu humwokotesha tatu. Jeki humruka, mzungu wa nne (kingi) hugeuza mwelekeo wa mchezo, na rea (ace) huzima adhabu. Anayekaribia kumaliza lazima atangaze, “Niko kadi.” Hapo ndipo ustadi unapoonekana. Wanaocheza pamoja kila jioni wanajuana: nani hutunza mbili na tatu zake hadi mwisho, nani huzitupa mapema ili kumvuruga mwenzake, nani hukumbuka karata zilizokwisha kutoka. Dhidi ya wachezaji wa aina hiyo, kungoja bahati hakusaidii. Anayeshambulia kwa wakati wake ndiye anayeshinda. Dau likiwepo, pesa huhama kutoka mfuko wa jirani mmoja hadi wa jirani mwingine, na kesho yake huweza kurudi.

Pata potea ilikuwa kitu tofauti. Mwenye karata tatu huzichanganya haraka na kumtaka mpita njia aonyeshe iliyo ya ushindi, huku wenzake waliojichanganya na watazamaji wakijifanya kushinda. Mteja anaamini anapimwa macho, kumbe matokeo yamekwisha kupangwa.

Sheria ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya 1966, Sura ya 131, ilijaribu kuweka mipaka. Iliunda bodi ya kutoa leseni, ikaruhusu bahati nasibu za umma, na ikafanya kucheza kamari mahali pa hadhara kuwa kosa. Kwa miaka mingi kamari nyingine yenye leseni ilikuwa zaidi ya miji mikubwa kama Nairobi: kasino za wenye nafasi na uwanja wa farasi wa Ngong. Mfanyakazi wa Thika alibaki na tikiti ya bahati nasibu na karata zake.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. Mwaka 2007 M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilianza, na mwaka 2012 barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa ilifunguliwa. Barabara ilijaza ukanda huu wapangaji, vibarua na wanafunzi wa vyuo. Sensa ya 2019 iliikuta Ruiru na watu 490,120 na Thika 251,407. Kampuni ya kubeti ya SportPesa ilipoingia sokoni mwaka 2014, simu ikawa duka la kamari. Kijana aliweza kupanga mechi kadhaa kwenye “mkeka” na kuulipia akiwa ndani ya matatu. Mashine za kuchezea sarafu nazo zikaenea katika vibanda vya mitaani hadi serikali ilipoanza kuzikamata na kuziteketeza.

Mabadiliko makubwa yalikuwa ya mpinzani. Aliyekaa mbele ya mchezaji wa kadi ni mtu anayechoka na kukosea. Kampuni ya kubeti huweka faida yake ndani ya viwango vya malipo kabla mechi haijaanza. Timu mbili zenye nafasi sawa zikilipwa 1.90 kila moja, anayeweka shilingi 100 kwa kila upande hutoa 200 na kupokea 190. Kila mechi inayoongezwa kwenye mkeka huzidisha kato hilo. Jakipoti ya mechi 17, yenye matokeo matatu kwa kila mechi, ina michanganyiko 129,140,163. Hata mchezo wa kindege, Aviator, unaotangazwa kurudisha asilimia 97, humwacha anayezungusha shilingi 100, na kisha kila kinachobaki, mara 30 na takriban 40 kwa wastani.

Poka ya kimataifa kwenye intaneti inakaribia zaidi kadi ya mtaani, kwa kuwa wachezaji hupambana wao kwa wao. Anayepandisha dau kwa nguvu ana njia mbili za kushinda: mpinzani akunje karata, au karata zake mwenyewe ziwe bora. Lakini wazoefu wa meza hizo huutambua mtindo huo na kuujibu, na mwenye meza hukata sehemu ya chungu, yaani dau zote zilizowekwa mezani. Wachezaji wawili wenye uwezo sawa wakigombea vyungu 100 vya shilingi 100 kwa kato la asilimia 5, shilingi 500 zimewatoka wote wawili.

Serikali imejibu kwa kodi na leseni. Mwaka 2019 ilizuia leseni za kampuni 27, na SportPesa ikasimamisha shughuli kwa muda. Agosti 2025 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Udhibiti wa Kamari, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966 na kuunda mamlaka mpya.

Sheria hiyo itawafaa watu wa Thika na Ruiru ikiwa itawalazimisha wenye kamari kumweleza mteja kato lao waziwazi, kabla hajatuma pesa. Mchezo ambao ustadi hauna malipo usiuzwe kwa vijana kama kazi.