Sukari, Ushuru na Kikombe cha Mtoto

Leo tunazungumzia sukari ya dukani. Kila Mswada wa Fedha unapotajwa kwenye redio, kuna swali linalozuka kliniki na sokoni: serikali ikipandisha ushuru wa vitu vitamu, je, watoto wetu watakula vizuri zaidi? Au kula vizuri ni jukumu la kila mtu jikoni mwake? Ili tulijibu vyema, inatubidi kwanza tujue sukari ilifikaje kwenye kikombe cha mtoto wako.

Sukari ilitufikiaje?

Zamani, katika sehemu hizi za Bonde la Ufa, utamu ulikuwa asali. Waogiek wa msitu wa Mau walitundika mizinga, wakarina asali na kubadilishana na majirani zao. Asali ilikuwa ya sherehe, ya dawa na ya pombe ya wazee. Mtoto alikuzwa kwa maziwa ya mama, kisha mursik kwa Wakipsigis, uji uliochachushwa kwa Wakikuyu, viazi vitamu na ndizi. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumkataza mtoto sukari, kwa maana haikuwako.

Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900. Mwaka uliofuata, 1901, serikali ya kikoloni ilianzisha kodi ya nyumba. Kodi hiyo ilitakiwa kwa pesa, na pesa zilipatikana kwa kwenda kufanya kazi ya mshahara. Watu wengi wakaishia kwenye mashamba ya walowezi kule Njoro, Molo, Subukia na Naivasha. Walipewa posho ya unga wa mahindi na mshahara mdogo. Ukibaki ushuru wa mzungu umelipwa, kile kilichosalia kilikwenda dukani: chumvi, sabuni, majani ya chai na sukari.

Chai ya sukari ilimfaa mtu wa kuamka alfajiri. Inapikwa haraka, inapasha mwili joto katika baridi ya Molo, na inatuliza njaa kwa muda. Katika miaka ya 1920 kampuni kubwa zilipanda chai Kericho, na mwaka wa 1922 kiwanda cha sukari cha Miwani kikaanza karibu na Kisumu. Polepole chai ikawa ndiyo kiamsha kinywa, na chai isiyo na sukari ikaonekana kama dharau kwa mgeni.

Angalia jambo hilo vizuri, mama. Sukari haikuingia nyumbani kwetu kwa sababu bibi zetu walikosa nidhamu. Ililetwa na reli, na kodi, na kazi ya mshahara, na duka. Mara nyingi tunamlaumu mtu mmoja kwa mazoea yaliyojengwa na mambo mengi.

Serikali na bei ya sukari

Baada ya Uhuru, serikali iliona ni aibu nchi yenye ardhi nzuri kuagiza sukari kutoka nje. Viwanda vikajengwa kimoja baada ya kingine: Muhoroni mwaka wa 1966, Chemelil 1968, Mumias 1973, Nzoia 1978 na South Nyanza 1979. Kwa miaka mingi serikali ndiyo iliyopanga bei ya sukari, pamoja na ile ya unga na maziwa. Sukari ikahesabiwa kuwa hitaji la kila nyumba. Ikikosekana madukani, ilikuwa habari ya taifa zima.

Serikali hiyo hiyo ilileta pia kitu kizuri. Mwaka wa 1979 Rais Moi alianzisha maziwa ya Nyayo, na watoto wa shule za msingi wakapewa pakiti za maziwa bila malipo. Akina mama wengi wanaonisikiliza waliyanywa. Mpango huo ulidhoofika na kufa miaka ya 1990. Leo mtoto akitoka darasani na shilingi kumi mfukoni, kinachomngoja langoni ni peremende, barafu ya rangi na mandazi. Hakuna mtu aliyempa somo la lishe pale langoni. Anakula kilicho karibu na kilicho rahisi.

Ushuru wa vitu vitamu ulikuwa wa nini?

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Tumekuwa na ushuru juu ya sukari na vitu vitamu kwa muda mrefu, lakini tuuangalie mmoja mmoja.

Mwaka wa 1992 ulianzishwa ushuru wa kuendeleza sekta ya sukari. Shabaha yake ilikuwa kusaidia viwanda na wakulima wa miwa. Uliondolewa baadaye, ukarudishwa na Sheria ya Sukari ya 2024 kwa kiwango cha asilimia 4.

Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 ilitoza juisi shilingi 10 kwa lita. Soda ilitozwa shilingi 5 kwa lita, na maji ya chupa pia shilingi 5 kwa lita. Sikia hapo, mama: soda na maji viliwekwa kwenye mstari mmoja wa sheria, kwa kiwango kimoja. Chupa ya soda ya mililita 300 ilibeba ushuru wa shilingi 1.50, na chupa ya maji ya nusu lita shilingi 2.50. Ushuru wa namna hiyo hauwezi kumshawishi mtu aache soda anywe maji.

Mwaka wa 2018 peremende zikawekewa ushuru wa shilingi 20 kwa kilo. Kufikia 2023 ule wa peremende zilizoagizwa kutoka nje ulikuwa shilingi 42.91, na mwaka huo sukari iliyoagizwa kutoka nje ikaongezewa shilingi 5 kwa kilo. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kupandisha ule wa peremende hadi shilingi 257.55 kwa kilo. Mtakumbuka yaliyotokea Juni 2024: vijana walijaza barabara, hapa Nakuru pia, na Rais akauondoa mswada wote. Desemba ya mwaka huo sheria nyingine ikapandisha tena ushuru wa peremende na wa sukari ya nje.

Tufanye hesabu ya duka. Peremende moja ndogo ina uzito wa gramu 4 hivi, kwa hivyo kilo moja ni peremende 250. Kwa ushuru wa shilingi 42.91, kila peremende ya nje ilibeba senti 17 tu. Mtoto hawezi kuhisi senti 17. Ule uliokataliwa ungeongeza shilingi moja hivi kwa kila peremende. Huo angeuhisi, lakini wananchi waliuona kama mzigo mwingine juu ya mizigo. Siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewaambia pesa hizo zingejenga chumba kipi cha daktari wa meno.

Hakuna hata mmoja kati ya ushuru huu uliopima gramu za sukari ndani ya chupa. Lengo lilikuwa kujaza hazina au kulinda viwanda, si afya ya mtoto.

Kwingine walifanyaje?

Kuna nchi zilizotoza ushuru kwa ajili ya afya. Mexico ilianza Januari 2014, peso moja kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari, bila kugusa maji. Watafiti waliona ununuzi ukipungua, na zaidi kwa familia maskini. Afrika Kusini na Uingereza zilianza Aprili 2018, na zote mbili zilifuata kiasi cha sukari kilichomo. Uingereza, watengenezaji wengi walipunguza sukari katika vinywaji vyao hata kabla ya siku ya kuanza kulipa. Mtoto akapata sukari kidogo bila mama kugombana naye dukani.

Kwa hivyo anayesema ushuru haufanyi kazi amekosea, na anayesema ushuru wowote utafanya kazi amekosea pia.

Somo la meno ya Nakuru

Sisi watu wa Nakuru tunapaswa kulielewa jambo hili upesi. Watoto wengi wa hapa wana meno ya rangi ya kahawia. Wakienda shule za mbali huchekwa kuwa hawapigi mswaki au wamekula peremende nyingi. Si kweli. Rangi hiyo huletwa na floraidi nyingi iliyo katika maji ya visima vya sehemu zetu za volkano, mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajengeka ndani ya ufizi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya hapa vimepita hapo.

Mama alilaumiwa kwa kosa la maji. Hata hivyo, kuna mama waliokinga maji ya mvua kwa ajili ya watoto wadogo, na Dayosisi Katoliki ya Nakuru ikatengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa vya kuondoa floraidi. Kila upande ulifanya sehemu yake. Sukari nayo ni hivyo hivyo. Meno kuoza, tofauti na meno ya kahawia, huletwa na vijidudu vya kinywani vinavyogeuza sukari kuwa asidi inayotoboa jino. Hapo sehemu ya mama ipo, na sehemu ya serikali ipo.

Sehemu yako leo

Usingoje Bunge. Samaki mkunje angali mbichi. Anza na haya:

1. Miezi sita ya kwanza, maziwa ya mama peke yake. Kabla ya miaka miwili, usimpe mtoto soda, juisi ya pakiti wala chai ya sukari. Chai humshibisha bila kumjenga, tena hupunguza madini ya chuma ambayo mwili wake unayapata kutoka kwa chakula.

2. Usimlaze mtoto na chupa ya kitu kitamu mdomoni. Usiku mate hupungua na meno huoza haraka.

3. Andika tarehe kwenye pakiti ya sukari siku unapoifungua. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora mtu mzima asizidi gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko vidogo 6 visivyojaa kilima, na mtoto chini ya hapo. Soda moja ya mililita 300 ina karibu vijiko 8. Kwa familia ya watu watano, kilo moja ikiisha kabla ya siku 8, mmepita kiasi.

4. Punguza kijiko kimoja kila wiki mbili. Ulimi huzoea.

5. Badala ya peremende, mpe mtoto ndizi, chungwa, karanga zilizopondwa kwa mdogo, au maziwa lala.

Jambo moja zaidi. Kuna watoto wanaopata kisukari cha kuhitaji sindano za insulini. Hicho hakiletwi na peremende, na mama yake asinyooshewe kidole. Kile cha watu wazima ndicho kinachohusiana sana na uzito kupita kiasi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu wanawake 4 kati ya 10 nchini wana uzito uliozidi. Hivyo kikombe chako nawe kihesabu.

Na wakati mwingine wabunge wakiita wananchi kutoa maoni kuhusu ushuru, haki ambayo Katiba ya 2010 imetupa, nenda au tuma mtu. Uliza maswali matatu: Je, ushuru huu unapima sukari? Je, umeacha maji? Je, pesa zake zitafika kwenye zahanati yetu? Majibu yakiwa ndiyo, uunge mkono. Yakiwa la, sema wazi kwamba huo ni ushuru kama ushuru mwingine, wasiutumie jina la mtoto wako.

Ukiona doa jeusi au shimo kwenye jino la mtoto, mpeleke kituo cha afya mapema kabla halijamuuma.