Njia ya Misafara na Shule ya Nyumbani



Hivi karibuni tulisafiri kutoka Isevya kwenda Dodoma pamoja na familia moja kubwa ya kwetu: baba, mama, watoto wao saba, bibi mzaa baba, na mtoto yatima wa ndugu yao. Walikuwa wakienda kwenye semina ya familia za Kikristo, kujifunza namna ya kuwafundisha watoto imani nyumbani. Haikuwa semina ya kuwaondoa watoto shuleni. Tabora ni mji wa shule. Mwalimu Nyerere alisoma hapa, kisha akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, hapa hapa mjini. Swali la semina lilikuwa jingine: mtoto anaporudi nyumbani jioni, mwalimu wake ni nani?

Gari letu lilipasuka tairi kabla ya kufika Itigi. Tulikaa chini ya mti huku dereva na baba wakihangaika, na mmoja wa watoto akatuuliza, “Padre, zamani watu walipitaje huku?” Tulimjibu kwa ufupi. Leo tunapenda kumjibu kwa kirefu, maana jibu lake linatuhusu sote.

Lami inayopita leo Nyahua, Chaya na Itigi hadi Manyoni inafuata kwa karibu njia ya kale ya misafara. Pori la sehemu hizo liliitwa Mgunda Mkali, nalo liliogopwa kwa uhaba wa maji. Wapagazi wa Kinyamwezi walilipita wakiwa na mizigo mabegani, na mara nyingi wake zao, pengine hata watoto, walifuatana nao. Hivyo familia kusafiri pamoja katika njia hii si jambo geni. Lakini tusiipambe historia. Njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watumwa, na miongoni mwa watumwa hao walikuwamo watoto walionyang'anywa mikononi mwa wazazi wao. Njia iliyowalisha wengi ndiyo iliyobomoa nyumba nyingi.

Mwezi Juni 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, tunaowaita White Fathers, uliondoka Bagamoyo. Walikuwa kumi, wametumwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, nao walifuatana na mamia ya wapagazi. Mwezi Agosti, kabla ya kufika kwetu, Padre Joachim Pascal alifariki njiani. Waliobaki walifika Tabora na hapa wakagawanyika. Kundi moja lilielekea Ujiji, likafika Januari 1879. Jingine lilielekea kaskazini, na mwezi Februari mwaka huo Padre Lourdel na Bruda Amans wakafika Buganda.

Kwa kawaida tukisimulia habari hizi huishia kwa mapadre. Leo tuendelee mbele kidogo.

Mnamo Novemba 1882 wamisionari waliondoka Buganda kwa kuhofia usalama, wakaweka makao Bukumbi, kusini mwa ziwa. Nyuma yao walibaki Wakristo wachache waliobatizwa na wakatekumeni wengi zaidi, bila padre na bila Misa, kwa muda wa karibu miaka mitatu. Kwa hesabu ya kibinadamu, imani ile changa ingekufa. Padre Lourdel aliporudi Julai 1885 alikuta imekua. Nani aliyekuwa akifundisha? Walei, katika nyumba zao. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, alifundisha kwake. Matia Mulumba alifundisha kwake Mityana, huko Ssingo, akishirikiana na Luka Banabakintu. Hapakuwa na jengo wala ubao wa kuandikia. Palikuwa na ua, mkeka, na mtu anayeishi yale anayoyasema. Watatu hao waliuawa kwa ajili ya imani mwaka 1886, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu pamoja na wenzao.

Sasa tuitazame siri moja ambayo husahaulika. Andrea Kaggwa alizaliwa Bunyoro, akatekwa akiwa mtoto. Matia Mulumba alizaliwa Busoga, naye akatekwa akiwa mtoto. Tuongeze na wa tatu, wa upande wetu huu: Daktari Adrian Atiman wa Karema. Huyu alizaliwa Afrika Magharibi, akaibwa utotoni na kuuzwa. Wamisionari walimkomboa katika jangwa la Algeria, akasomea utabibu huko Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alihudumia wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Alioa huko, na mwanawe Yosefu akawa padre.

Hawa watatu hawakulelewa katika nyumba walizozaliwa. Kile ambacho njia za utumwa ziliwanyang'anya wakiwa wadogo, yaani nyumba ya baba na mama, ndicho walichowajengea wengine walipokuwa watu wazima. Ungetegemea wangesema, “Sisi hatukufundishwa nyumbani, tutafundishaje?” Hawakusema hivyo. Walipokea kwa mtu baki, wakawapa walio wao.

Tunayasema haya kwa sababu huko Dodoma mama mmoja alisimama akauliza kwa uchungu, “Mimi ninalea peke yangu, na mimi mwenyewe sikulelewa na wazazi. Mafundisho haya ni ya familia kamili tu?” Ukumbi ulinyamaza. Bibi wa familia yetu ya Isevya ndiye aliyemjibu: “Mwanangu, anza na Ishara ya Msalaba kabla ya chakula. Hiyo haihitaji baba wala cheti.” Sisi tulikuwa na hotuba tayari, lakini baada ya jibu hilo tuliona afadhali tuketi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliifananisha familia na Kanisa dogo la nyumbani, na katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ukafundisha kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza wa watoto wao. Musa alikwisha kuwaagiza Waisraeli wawafundishe watoto amri za Mungu wakiwa nyumbani na wakiwa njiani. Wahenga wetu nao walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hata hivyo wengi wetu tumemkabidhi katekista kila kitu. Tunamletea mtoto siku chache kabla ya Komunyo ya Kwanza, kisha tunashangaa anapoacha kusali akifika kidato cha pili. Katekista ni msaidizi wetu. Hawezi kuwa baba wala mama wa watoto wote wa kigango.

Juma hili tunaomba jambo moja dogo. Kila nyumba ichague jioni moja, redio na televisheni zizimwe, mkubwa awasimulie wadogo namna imani ilivyomfikia yeye: nani alimfundisha Baba Yetu, wapi, na lini. Kama ni bibi, atajwe. Kama ni jirani, atajwe pia. Kisha msali pamoja.

Tairi lilipobadilishwa, yule mtoto alipanda garini akasema, “Kumbe sisi pia ni msafara.” Ndivyo tulivyo. Tusimwache mtoto yeyote porini.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.