Osa Johnson na Picha Bubu za Kaskazini

Kama wewe, msomaji, ni mwenyeji wa Ijara, bila shaka umekwisha kuwaona wageni wenye kamera. Huja mpaka Masalani, wakaenda Ishaqbini kumtafuta hirola, yule swara mwenye mistari myeupe machoni kama mtu aliyevaa miwani, ambaye makao yake ya asili ni ukanda mwembamba kati ya mto Tana na nchi ya Somalia. Humpiga picha, wakaondoka. Picha hizo hutazamwa baadaye katika miji ya mbali na watu ambao hawataliona vumbi la Ijara maisha yao yote, nao hupata kuijua nchi yako kwa kadiri ya picha na kwa kadiri ya maneno yaliyoandikwa chini yake.

Desturi hii ya kuichukua nyika katika picha na kuipeleka ng'ambo ina historia yake, na katika historia hiyo yumo mwanamke mmoja, mchezaji wa sinema za zamani zisizokuwa na sauti. Jina lake lilikuwa Osa Johnson. Hakufanya kazi yake Ijara, aliifanya Marsabit. Walakini katika siku za ukoloni Garissa na Marsabit zilikuja kuwekwa chini ya utawala mmoja, ule wa Mpaka wa Kaskazini, na sheria ya mwaka 1902 iliipa serikali uwezo wa kuzifunga wilaya za mbali, mtu asiingie wala asitoke ila kwa idhini. Mfugaji aliyezaliwa huko alihitaji ruhusa ili atoke. Mmarekani mwenye kamera aliipata ya kuingia. Nakuomba ulikumbuke jambo hili dogo tunapoendelea.

Kwanza yafaa ujue sinema bubu ilikuwa kitu gani. Tangu picha za kwanza zilipoonyeshwa hadharani mjini Paris mwaka 1895 mpaka ilipofika mwaka 1927, sinema iliyotazamwa na umma aghalabu haikuwa na sauti ndani yake. Watazamaji walikaa gizani, mpiga piano akapiga muziki kando ya pazia jeupe, na mchezaji alisema kwa uso wake, kwa mabega yake na kwa vidole vyake. Palipohitajika neno, picha ilikatizwa na ubao mweusi wenye maandishi meupe. Mchezaji hakuyaandika maandishi hayo. Mara nyingi yaliandikwa miezi mingi baada ya kazi yake kwisha, na mtu ambaye pengine hakuwapo hata kidogo pale picha ilipopigwa. Kwa hiyo katika sinema bubu kila mtu hupewa kauli na mtu mwingine, mchezaji mkuu na mpita njia pia.

Osa alizaliwa tarehe 14 Machi 1894 katika mji mdogo wa Chanute, jimbo la Kansas, Marekani. Jina la ukoo wake lilikuwa Leighty, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 16, aliolewa na Martin Johnson, kijana wa miaka 25 ambaye alikuwa amekwisha kusafiri katika bahari ya Pasifiki pamoja na mwandishi Jack London. Martin alirudi na picha za safari hiyo, akawa akizionyesha kwa kiingilio. Watu wakichoka na picha, Osa alipanda jukwaani amevaa mavazi ya Hawaii, akaimba na kucheza. Hivyo ndivyo alivyojifunza kazi yake: si katika majumba ya sinema ya Hollywood, bali katika kumbi ndogo za miji ya Marekani, mbele ya watu waliolipa senti chache na kutaka wafurahishwe mara moja.

Mwaka 1917 mume na mke walikwenda katika kisiwa cha Malekula, ambacho leo kimo katika nchi ya Vanuatu. Huko walikamatwa na watu wa chifu Nagapate, nao wakaokoka kwa kuwa mashua ya doria ya Waingereza ilitokea ghubani wakati uleule. Picha walizopiga zilionyeshwa Marekani mwaka 1918 zikawapa sifa kubwa. Lakini linalonivutia mimi ni hili: mwaka 1919 walirudi Malekula na mashine ya kuonyeshea sinema, wakatundika pazia, wakawaonyesha Nagapate na watu wake sura zao wenyewe. Wageni wachache wa zamani zile walifanya hivyo. Laiti desturi hiyo ingeshikwa kila mahali walipokwenda!

Baada ya Malekula walikwenda Borneo, kisha mwaka 1921 wakaja Kenya. Filamu yao ya kwanza ya Afrika ilitoka mwaka 1923. Katika safari hiyo ya kwanza walifika Marsabit, mlima wenye msitu uliosimama peke yake katikati ya jangwa, wenye mashimo makubwa ya volkeno ambayo Waborana huyaita gof. Katika shimo moja palikuwa na ziwa, na tembo walishuka jioni kunywa maji. Akina Johnson walitumia jina la Kiingereza lenye maana ya Ziwa la Peponi, na kwa jina hilo ziwa limeandikwa katika ramani hata leo. Wenyeji walikuwa na jina lao, Gof Sokorte Guda, yaani Sokorte kubwa, kwa kuwa ipo na ndogo. Mtu hawezi kupavumbua mahali penye jina.

Mwaka 1924 walirudi kukaa. Jumba la Makumbusho ya Viumbe la New York liliwapa jina na heshima yake, na miongoni mwa waliowapa fedha alikuwa George Eastman, mwenye kiwanda cha kamera cha Kodak. Msafara ulitoka Nairobi na magari, magari ya kukokotwa na ng'ombe, ngamia, na wapagazi wengi. Kutoka Nairobi hadi Marsabit kwa barabara ya leo ni zaidi ya kilometa 500. Siku zile barabara ilikwisha mapema, ikabaki njia ya mchanga na mawe. Juu ya ukingo wa ziwa walijenga nyumba, wakalima bustani ya mboga, wakatengeneza chumba cha giza cha kusafishia filamu. Walikaa huko hadi mwaka 1927, ila kwa vipindi vya kusafiri.

Fikiri juu ya kazi yenyewe. Kamera ya wakati ule haikuwa na mashine ya kuiendesha. Mpiga picha alizungusha mkono wake kwa mwendo ulio sawasawa, raundi baada ya raundi, hata kama kifaru alikuwa akija mbio. Akizungusha haraka mno, mnyama huonekana kama mlevi wa ngoma. Akizungusha polepole, huonekana kama ameruka hatua. Wao walitumia kamera iliyobuniwa na Carl Akeley, mtaalamu wa makumbusho aliyekwisha kuijua Afrika, ambaye alifariki mwaka 1926 katika milima ya Kongo ya mashariki. Mkanda wa filamu ulikuwa wa kitu kinachowaka moto upesi, na joto liliuharibu. Ilibidi usafishwe palepale, na kusafisha kunataka maji mengi yaliyo safi. Wewe wa Ijara huhitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Maji yalibebwa, na waliobeba walikuwa wapagazi.

Katika kazi hii Osa alikuwa na sehemu mbili. Martin aliposhika kamera, yeye alisimama kando yake na bunduki, ili mnyama akizidi kuja ampige kabla hajafika. Na mara nyingine alikuwa mbele ya kamera, akitembea kuelekea tembo, akivua samaki, akicheka, akijipangusa jasho. Watu wengine hubisha kwamba huyu hakuwa mchezaji wa sinema, kwa sababu hakuigiza mtu mwingine. Mimi siafikiani nao. Mtu anayeambiwa arudie kupita mahali palepale kwa kuwa mwanga haukuwa mzuri, naye akapita kana kwamba ni mara ya kwanza, anacheza. Osa alimcheza Osa: mwanamke mdogo wa Kansas, nguo zake safi, asiyeogopa simba. Katika miaka ambayo wanawake wa Marekani walikuwa wamepata haki ya kura karibuni tu, mwaka 1920, mamilioni ya wanawake hawakuwa wamewahi kuona mwenzao akisimama hivyo. Ushujaa wake ulikuwa wa kweli, na bunduki yake haikuwa ya mbao.

Lakini kwa miguu yao wenyewe wageni hawa wangeyafikia machache. Palikuwa na mfuata nyayo aliyewaongoza kwa tembo, ambaye Osa humwita Boculy katika vitabu vyake. Kwa maelezo yake, mtu huyu alisoma majani yaliyovunjika na kinyesi kilichopoa kama sisi tusomavyo gazeti, na aliwajua tembo wa mlima ule mmoja mmoja. Ni yeye aliyejua upepo utavuma kutoka wapi, na ni saa gani kundi litateremka majini. Kamera ilifika kwa wakati kwa kuwa yeye alikuwa amekwisha kufika siku nyingi kabla yake.

Matunda ya miaka ile yalionyeshwa New York mwanzoni mwa mwaka 1928, nayo yaliitwa Simba, kwa neno letu hilihili la Kiswahili. Ilikuwa mojawapo ya sinema bubu za mwisho kupata umaarufu mkubwa, maana sauti ilikuwa imekwisha kuingia katika sinema miezi michache nyuma. Tazama wanyama waliomo na utastaajabu: makundi ya tembo, punda milia wasiohesabika kisimani, simba usiku wakimulikwa kwa fataki. Leo watalaamu wa wanyama wanaweza kuzitazama picha hizo na kuona nchi ilivyokuwa kabla ya pembe na ngozi kuvunwa kwa fujo.

Sasa soma yale maandishi ya ubaoni. Hapo furaha yangu hupungua. Mwafrika akipita mbele ya kamera, aghalabu ubao unaofuata humfanyia mzaha. Mwafrika huyo alikuwa akisema kitu wakati picha ilipopigwa. Midomo yake yaonekana ikitikisika. Alisema nini? Pengine alimwita mwenzake, pengine alimtukana mwenye kamera, pengine alisema kiu imemshika. Hatusikii. Osa naye hatumsikii, lakini Osa alirudi kwao, akapanda jukwaani, akaandika vitabu, akasimulia upande wake kwa miaka mingine 25. Ububu wake ulikwisha taa zilipowashwa. Wa yule mpagazi haukwisha.

Je, sauti ilipokuja mambo yalibadilika? Mwaka 1932 akina Johnson walitoa filamu nyingine, Congorilla, waliyoipiga Kongo kwa vyombo vya kunasa sauti. Wambuti wa msituni walisikika wakiimba na kupiga ngoma zao. Humo humo Osa aonekana akiwachezesha kwa muziki wa jazi kutoka kwenye santuri, ili watazamaji wa Marekani wacheke. Kwa hiyo ilidhihirika kwamba chombo cha kunasa sauti ni kitu kimoja, na kumpa mtu nafasi ya kusema ni kitu kingine.

Mengine ya maisha yake nitayapita upesi. Yeye na mumewe walijifunza kurusha ndege, wakarudi Afrika ya Mashariki mwaka 1933 na ndege mbili za kutua majini, moja imepakwa rangi kama punda milia na nyingine kama twiga, wakapiga picha za wanyama kutoka angani. Mwezi Januari 1937 ndege ya abiria waliyopanda ilianguka karibu na Los Angeles. Martin akafa, Osa akaumia vibaya. Watu walidhani amekwisha. Yeye aliendelea na mihadhara aliyokuwa ameahidi, akiwa amekaa katika kiti cha magurudumu. Mwaka 1940 alitoa kitabu cha maisha yake, I Married Adventure, kikawa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa kwa wingi kabisa Marekani mwaka ule. Yasemekana mkono wa mwandishi mwingine ulikuwamo ndani yake. Likiwa kweli, basi hata huyu maarufu aliandikiwa ubao wake mpaka mwisho. Alifariki New York tarehe 7 Januari 1953, naye alikuwa na umri wa miaka 58. Huko Chanute kuna jumba la makumbusho kwa jina lake na la mumewe, lililofunguliwa mwaka 1961.

Na Marsabit? Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda ndovu mmoja wa mlima ule, Ahmed, aliyekuwa na pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Ahmed alikufa mwaka 1974, na umri wake ulikadiriwa kuwa kama miaka 55. Ikiwa kadirio hilo ni sawa, basi mwaka 1924, kamera ya akina Johnson ilipowekwa kando ya maji ya Sokorte Guda, yeye alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi, akimfuata mama yake kuteremka kunywa. Ukifika Nairobi, nenda katika Makumbusho ya Taifa. Sanamu yake imesimama pale uani, kwa urefu wake kamili. Ziwa lenyewe hukauka katika miaka ya ukame mkali, ikabaki nyasi ndani ya shimo, na nyati wakalisha mahali palipokuwa maji. Mvua ikija, hujaa tena.