Kadi ya Bei Chee, Draiva ya Jasho

Ndani ya msimbo wa FreeBSD, mfumo endeshi wa programu huria uliochipuka kutoka kazi za Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, limo faili ambalo mafundi wa kompyuta wamekuwa wakionyeshana kwa vicheko kwa zaidi ya miaka 20. Aliyeliandika ni Bill Paul, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Faili hilo ni draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, hapa kadi ya mtandao yenye chipu ya RealTek 8139, lakini kabla ya kufika kwenye kazi yenyewe Paul anamwaga malalamiko ya aya kadhaa. Kwa ufupi anasema chipu hiyo imetufundisha upya maana ya kitu cha hali ya chini.

Hakuwa akitukana ovyo. Kadi nzuri za miaka ile, kama zile zenye chipu ya Tulip ya kampuni ya DEC, ziliweza kuchota data zenyewe kutoka zilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuzipeleka kwenye waya bila kuisumbua prosesa. RealTek 8139 nayo ilidai kuwa na uwezo huo, ila kwa masharti. Kila pakiti inayotoka iwe kipande kimoja kisichokatika, tena ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa nne. Pakiti zinazongoja kutumwa zisizidi nne. Zinazoingia zinarundikwa zote kwenye eneo moja la kumbukumbu, na draiva haiwezi kujua mapema ipi itaanzia wapi. Kwa hiyo prosesa inalazimika kunakili karibu kila pakiti, iwe inakwenda au inakuja. Ni kama lori lifike na shehena hadi mlangoni pa ghala, kisha kila gunia lishushwe chini na kupakiwa upya kwenye mkokoteni ili limalizie hatua kumi. Paul aliona kwamba mtu asingeifaidi kasi ya megabiti 100 kwa sekunde iliyotangazwa kwenye boksi bila kuwa na Pentium II ya megahezi 400 au nyingine yenye misuli kama hiyo.

Draiva aliiandika hata hivyo, na ikafanya kazi. Kadi zenyewe zilienea dunia nzima kwa sababu ambayo mnunuzi yeyote anaielewa: zilikuwa za bei chee. Senti zilizookolewa kiwandani hazikuyeyuka. Ziligeuka kuwa saa za kazi za mtu mwingine, mara nyingi mtu asiyelipwa, ambaye hakuulizwa neno pale chipu ilipokuwa ikichorwa. Ukiifuata historia ya draiva za mtandao na za USB, deni hilo utakutana nalo kila kona.

Linus Torvalds alipoutangaza mfumo wake wa Linux, Agosti 1991, haukuwa na mtandao wowote. Uwezo huo uliingizwa mwaka uliofuata, na ndipo lilipozuka swali la kadi: nani ataziandikia draiva, wakati watengenezaji wake walikuwa hawajawahi hata kulisikia jina la Linux? Mzigo mkubwa aliubeba Donald Becker. Aliandika draiva moja baada ya nyingine, ikiwamo ya Tulip na ile ya NE2000, kadi ya Novell ambayo viwanda vingi viliiga umbo lake na kila kimoja kuongeza kasoro zake. Kwa miaka mingi, mtu aliyewasha Linux aliliona jina la Becker likipita kwenye skrini pamoja na maandishi ya kuamsha kadi.

Becker alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti kilichohusiana na Goddard, kituo cha NASA kilichopo Maryland. Hapo mwaka 1994, yeye na Thomas Sterling waliunganisha kompyuta 16 za kawaida, zenye prosesa za 486 DX4, zikafanya kazi kama mashine moja. Waliiita Beowulf. Tatizo lilikuwa waya: Ethernet ya megabiti 10 ilizidiwa na prosesa. Badala ya kununua mtandao wa gharama, walizifundisha draiva kuzigawa pakiti kwenye kadi zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Kompyuta kubwa 500 zinazoongoza kwa kasi duniani leo zote zinatumia Linux, na nyingi ni wajukuu wa wazo lile.

Kisha ikaja USB. Toleo la kwanza lilitoka Januari 1996, likiungwa mkono na Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel. Kwa mtumiaji ahadi ilikuwa tamu: tundu la namna moja kwa kila kifaa. Kwa mwandishi wa draiva mambo yalianza kwa mgawanyiko, kwani zilitokea namna mbili za kutengeneza chipu inayoongoza matundu hayo. Kundi la Compaq, Microsoft na National Semiconductor lilitaka chipu ifanye sehemu kubwa ya kazi yenyewe. Intel ilichagua chipu nyepesi zaidi, na ratiba ya kila milisekunde ikaachiwa programu. Ni mchezo uleule wa RealTek, safari hii ukichezwa na kampuni tajiri. Mifumo mingi ililazimika kuwa na draiva za namna zote mbili.

Katika ulimwengu wa programu huria, mfumo endeshi wa NetBSD ndio uliotangulia kupata USB, mwaka 1998, kwa mkono wa Lennart Augustsson wa Sweden. Torvalds aliandika mwenyewe msingi wa USB wa Linux mwanzoni mwa 1999. Kabla ya hapo, Aprili 1998 mjini Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani akiionyesha Windows 98 wakati msaidizi wake alipochomeka skana ya USB na skrini ikageuka bluu mbele ya umati. Video ile bado inachekesha watu. Aliyewahi kuandika draiva anaicheka kwa tahadhari.

Sababu ni kwamba USB ilivunja kanuni ya zamani. Kadi ya ndani ya kompyuta ilikuwapo tangu mashine kuwashwa hadi kuzimwa, na draiva zilijengwa juu ya uhakika huo. Kifaa cha USB huja wakati wowote na kuondoka wakati wowote, hata katikati ya mazungumzo. Draiva imetuma pakiti, inangoja jibu, na mtoto amechomoa waya. Kumbukumbu iliyotengwa kwa ajili ya pakiti ile nani ataiachilia? Itakuwaje sehemu nyingine ya mfumo ikiendelea kukitumia kifaa ambacho hakipo tena? Draiva za mtandao zilipata taabu zaidi, kwa maana juu yake kuna tabaka zima la TCP/IP, kanuni za mawasiliano ya intaneti, linaloamini kwamba kadi ipo mahali pake. Bill Paul alikuwa miongoni mwa waliolivaa jambo hili mapema, alipoandikia FreeBSD draiva za vifaa vya kwanza vya Ethernet ya USB, vyenye chipu za ADMtek na Kawasaki.

Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Andy Chou na Dawson Engler wakiwamo, walipitisha msimbo wa Linux kwenye programu ya kutafuta makosa. Waligundua kwamba draiva zina makosa mara tatu hadi saba zaidi ya sehemu nyingine za kiini cha mfumo. Wengine waliyasoma matokeo hayo kama ushahidi wa uzembe. Mimi naona ni hukumu ya haraka mno, maana mwandishi wa sehemu nyingine za kiini hujenga juu ya kanuni anazozijua, wakati mwandishi wa draiva hujenga juu ya tabia za kitu ambacho pengine hakupewa hata karatasi zake za maelezo.

Kwa Wi-Fi karatasi zenyewe zilifichwa. Draiva ya chipu za Atheros kwenye Linux ilikuwa na kipande kilichofungwa, kisichosomeka, hadi Reyk Floeter wa mfumo endeshi wa OpenBSD alipokichambua na kuandika mbadala wake. Kazi hiyo ilizaa draiva iliyoingia Linux mwaka 2008, na mwaka huohuo Atheros yenyewe ikatoa draiva huria kwa chipu zake mpya. Kwa Broadcom, kundi moja lilichunguza draiva iliyofungwa na kuandika maelezo, kundi la pili likaandika draiva kwa kusoma maelezo hayo tu, ili pasiwe na shutuma za kunakili. Kampuni yenyewe ilifungua mlango mwaka 2010 kwa kutoa draiva huria.

Afrika Mashariki sura inayokumbukwa zaidi ni ya modemu. Mkonga wa intaneti wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, ukatua Mombasa na Dar es Salaam, na mitandao ya simu ikauza modemu za USB kwa wingi, nyingi zikiwa za Huawei. Aliyekuwa na Windows alichomeka, akasubiri, akapata intaneti. Aliyekuwa na Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, aliona kitu cha ajabu: kompyuta ilimwambia amechomeka CD. Modemu ilikuwa imebeba draiva zake za Windows ndani yake, na ili kuokoa gharama ya CD halisi ilijitambulisha kwanza kama CD. Draiva ya Windows ikishasakinishwa huitumia modemu ujumbe mfupi, nayo huvua joho hilo na kuwa modemu. Linux haikuujua ujumbe huo.

Ujumbe ulipatikana kwa kusikiliza mazungumzo ya Windows na kifaa. Ni baiti 31, za mwanzo zikiwa 55 53 42 43, ambazo kwa herufi husomeka USBC. Josua Dietze alitengeneza programu ndogo, usb_modeswitch, yenye orodha ya vifaa na ujumbe wa kila kimoja. Orodha ilirefuka kila toleo jipya la modemu lilipotoka. Matoleo makubwa ya Linux yaliichukua, na tangu hapo watu wengi wameitumia bila kujua ipo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Raspberry Pi, kompyuta ya dola 35 iliyotoka Uingereza Februari 2012. Tundu lake la mtandao halikuwa na njia yake. Chipu iliyounganishwa nalo ilikuwa kifaa cha USB, kwa hiyo kibodi, flashi na intaneti vyote vilipita kwenye mlango mmoja. Kidhibiti cha USB nacho kilikuwa cha kubana matumizi hasa: mazungumzo na vifaa vya polepole, kama kibodi, yalisimamiwa na programu kwa vipande vya moja ya 8,000 ya sekunde. Prosesa ilikatizwa mara 8,000 kila sekunde, na ikichelewa hata kidogo, herufi zilipotea na pakiti zilidondoka. Watumiaji walilalamika, wengine wakilaumu chaja zao. Kufikia 2014 draiva ilikuwa imeandikwa upya ili kazi hiyo nyeti ihamie kwenye njia ya dharura ya prosesa, inayotangulia shughuli nyingine zote. Vifaa havikuguswa, na malalamiko yakapungua. Mtandao ulipata njia yake wenyewe kwenye Raspberry Pi 4 tu, Juni 2019.

FreeBSD kwa upande wake ilitupa msingi wa zamani wa USB na kuchukua mpya katika toleo la 8.0, Novemba 2009. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya Hans Petter Selasky wa Norway, aliyeutunza hadi alipofariki mwaka 2023. RealTek nayo imebadilika: draiva ya Linux ya chipu zake za Ethernet ya USB iliandikwa na mhandisi wa kampuni hiyohiyo.

Makosa hayajaisha, ila yanatafutwa kwa namna nyingine. Mwaka 2017 Andrey Konovalov wa Google aliandaa programu inayojifanya kifaa cha USB kilichoharibika, ikaidanganya Linux mfululizo, na makumi ya makosa yakajitokeza. Mojawapo lilikuwa kwenye draiva ya modemu za kisasa. Kifaa kikitangaza kwamba pakiti yake kubwa kabisa ina ukubwa wa sifuri, draiva inaamini, inagawanya kwa sifuri, na kiini kinaanguka. Dawa yake ilikuwa sharti moja lililoongezwa kwenye msimbo: kifaa kikisema sifuri, kisisikilizwe.